Dawa ya Picha Iliyochoka

Siku ile Haruna, mwana wa mwenye studio, aliponiambia tutumie dawa ile ile ya picha kwa wiki moja zaidi, nilipaswa kuvua aproni, kuitundika kwenye msumari na kwenda zangu nyumbani. Sikufanya hivyo. Nilisema sawa, nikawasha taa nyekundu, nikaendelea na kazi. Ilikuwa mwaka 1996, asubuhi, katika studio ya picha pale Jabe, mjini Bujumbura, na fundi mkuu wa chumba cha giza nilikuwa mimi. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Naliandika hili mwanzoni ili anayesoma asije akatafuta mtu mwingine wa kumlaumu huko mbele.

Nilistaafu mwaka jana, magoti yalipokataa kuchuchumaa. Nanyi vijana wa kikundi cha wapiga picha, wenye kamera na wenye simu tu, mkaniomba niwaandikie mashauri ya kazi. Mlitaka orodha. Orodha siiwezi. Kila shauri ninalolijua limeshikamana na siku niliyolipata, na nikilibandua linachanika. Kuhusu vyeo hamtasoma kitu: studio yetu ilikuwa na watu wawili, na aliyepanda cheo ndiye aliyeacha kufagia.

Nilianza mwaka 1975. Mwenye studio aliitwa Mzee Ramadhani, mtu wa Buyenzi, wa familia za Kiislamu zilizoukuta mji huu ungali mdogo. Alivaa kofia ya kushonwa kwa mkono, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na doa la kahawia ambalo dawa zilimwachia na sabuni ikashindwa kuliondoa. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, najua Kifaransa na kemia kidogo, na nilidhani nitapewa kamera siku hiyo hiyo. Alinipa kigoda.

"Kaa hapa, Nesto," akasema. "Angalia mulango."

"Nimwangalie nani, Muzee?"

"Nani tena? Mi nimesema mulango."

Nikakaa mpaka jioni. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona watu kumi na wanne wakiingia, na mmoja alikuwa na kuku. "Kesho utakaa tena," akasema. Siku ya pili, kwa uchovu tu, nikaacha kuangalia watu. Nikaona kwamba asubuhi mwanga uliingia ukatambaa sakafuni mpaka kwenye mguu wa meza, na saa sita ukarudi nje ya kizingiti. Nikaona pia kwamba mtu aliyesimama nje saa hiyo alikuwa na mashimo mawili mahali pa macho, lakini akipiga hatua moja tu ndani ya mlango, macho yalirudi na shavu moja likawa laini kuliko la pili. Nilipomweleza hivyo Mzee, alinipa kamera niishike. Kuishika tu. Kupiga kulikuja mwezi uliofuata.

Basi hilo la kwanza. Jua la Bujumbura likiwa kichwani, usimpige mtu uwanjani. Mwingize mlangoni, hatua moja au mbili ndani, umgeuze kidogo uso uelekee nje. Hakuna taa mtakayoinunua itakayoshinda mlango. Na mpime mwanga usoni, si kwenye nguo. Shati jeupe huidanganya kamera. Kamera hudhani dunia yote ni nyeupe, inapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi unatoka kama sufuria upande wa motoni. Zamani nilinyoosha kiganja changu mbele ya uso wa mteja na kukisoma, kwa kuwa kipimo hatukuwa nacho. Kwenye simu zenu, gusa uso kwa kidole kabla ya kupiga. Ni kile kile kiganja.

Kamera yetu ilikuwa ile ya lenzi mbili, unayoitazama kwa kuinama, na ndani yake mtu anayekwenda kushoto unamwona anakwenda kulia. Ilinifundisha kusogea mwenyewe badala ya kumsukuma mteja. Viwiko vibane mbavuni, toa pumzi, kisha bonyeza pumzi ikiwa imekwisha. Ukitaka uso uwe mkubwa, tembea. Miguu ni lenzi nzuri, haichafuki. Na kabla ya kubonyeza tazama nyuma ya kichwa cha mtu. Nimempiga padri mmoja akiwa na nguzo ya umeme iliyoota utosini, na parokia nzima iliiona kabla yangu.

Lakini siri kubwa ya Mzee Ramadhani ilikuwa swali. Watu walikaa mbele ya kamera kama wanaosubiri kusomewa hukumu. Yeye hakuwaambia wacheke. Aliweka kila kitu tayari, akainua kichwa, akauliza kana kwamba amekumbuka jambo: "Leo umekula nini?" Mtu haijui sura ya kutengeneza kwa swali hilo. Anafikiri, anakumbuka, na kwa nusu sekunde uso wake unakuwa wake. Hapo ndipo Mzee alibonyeza. Nimelitumia swali hilo kwa karibu miaka hamsini, na ninajua vyakula vya mji huu kuliko wapishi.

Chumba cha giza kilikuwa nyuma, pembeni ya tangi la maji. Ndani kulikuwa na beseni tatu. Ya kwanza ilikuwa ya dawa inayotokeza picha: unaingiza karatasi nyeupe, na baada ya muda mfupi jicho linatokea, kisha kola, kisha mtu. Wageni wote walishangaa hapo. Ya pili ilikuwa ya maji tu. Ya tatu, beseni ya bluu iliyobanduka ukingoni, ilikuwa ya dawa ya kukazia, na hakuna mgeni aliyewahi kuishangaa, maana ndani yake hakuna kinachoonekana kutokea. Lakini kazi ilikuwa pale. Dawa ile ndiyo inayoondoa kwenye karatasi chembe zote ambazo bado zina njaa ya mwanga. Usipoikazia picha, inatoka nzuri, inamfurahisha mteja, na miezi michache baadaye inaanza kugeuka njano, kisha kahawia, kuanzia usoni.

Na dawa ya kukazia huchoka. Huoni kwa macho, ina rangi ile ile na harufu ile ile. Kwa hiyo Mzee aliweka kwenye msumari ukutani vipande vya filimu mbichi, vya upana wa kidole. Kila asubuhi alichovya kimoja akatazama saa. Dawa nzima hukifanya kipande kiwe wazi kama kioo kwa dakika mbili. Ikifika nne, unamwaga. Hakuna tano.

"Na kama ni dakika nne na nusu, Muzee?" nilimuuliza mara moja.

"Nne na nusu ni ya mutu muvivu. Mwaga."

Mwezi wa kumi 1993 vita vikaanza. Sitaandika habari za vita. Wapo walioziandika wanaojua kuliko mimi, na wapo walioziandika wasiojua. Mimi nitasema tu jinsi vilivyobadilisha kazi. Vilibadilisha saa. Kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku, harusi zote zilihamia adhuhuri ili wageni wawahi kurudi kwao, na adhuhuri ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa picha. Mwaka 1995 nilipiga harusi Kinindo, kwenye nyumba yenye bustani isiyo na kivuli. Bibi harusi alikuwa na macho mazuri na hayakuonekana hata moja. Nikawapeleka maharusi kwenye baraza, lakini huko nako kulikuwa na giza, basi nikachukua kitambaa cheupe cha meza ya chakula na kukitandaza kwenye majani mbele yao ili jua ligonge hapo na kuwarudia usoni. Mama wa bwana harusi akanikimbilia.

"We fundi! Kitambaa ya meza unaipeleka wapi? Wageni wakulie mu mikono?"

"Mama, dakika tano tu. Bibi harusi iko na macho muzuri, jua inayaficha."

"Macho yake, bwana yake ameisha kuyaona! Rudisha kitambaa!"

Nilipiga picha sita kabla hajakivuta. Katika ya sita mama huyo yumo, ameinama, ameshika ncha ya kitambaa, na mwanga wa kitambaa umempendeza yeye kuliko wote. Aliagiza nakala tatu. Shuka, karatasi ya maboksi, shati lako mwenyewe jeupe, vyote vinafaa. Omba ruhusa kwanza.

Jambo la pili lililobadilika ni picha za karangamuntu, yaani kitambulisho. Zamani zilikuwa kazi ya kujaza mchana. Sasa zikawa ndiyo kazi. Watu walikimbia na vyeti vyao vikaungua, wakaja mjini mikono mitupu. Ili kuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine ulipita bariyeri, vizuizi vya barabarani, na pale mtu mwenye bunduki alishika kadi yako, akatazama picha, akakutazama wewe. Mnajua sasa tulikuwa tunatengeneza nini. Picha ndogo, sentimeta nne, nayo ilipaswa kumjibia mtu mbele ya bunduki.

Mwanzoni mwa 1996 macho ya Mzee Ramadhani yaliharibika kwa ugonjwa wa sukari, na binti yake aliyeolewa Kigoma akamchukua. Kabla ya kuondoka Mzee alimwita mwanawe wa kiume, Haruna, kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, alikokuwa tangu utotoni kwa mjomba wake. Haruna alikuja mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, ana ndevu, ana kelele, anapenda watu, na hajui dawa hata moja. Siku ya safari Mzee alitusimamisha wote wawili mlangoni.

"Haruna atashika ufunguo," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "We utashika chumba cha giza. Kule ndani hakuna bosi. Hata Haruna si bosi. Umesikia?"

"Nimesikia, Muzee."

"Kipande cha filimu kila asubuhi. Hata kama hakuna muteja."

Haruna aliniita Grand, kama vijana wanavyomwita kaka mkubwa. Alinitania kutwa. Nikipima maji kwa chupa yenye alama alisema ninapika uji wa mgonjwa. Lakini wateja walimpenda, na mimi pia. Alikuwa anakaa na akina mama waliotoka vijijini, ambao hawajawahi kutazama lenzi, akijifanya yeye ndiye anayepigwa picha, akitengeneza sura za kipumbavu mpaka wanacheka. Kisha ananiambia kwa sauti ya chini, "Grand, sasa."

Halafu nchi jirani zikaweka vikwazo na mipaka ikafungwa. Petroli ikaadimika, sukari ikaadimika, na dawa ya kukazia, ambayo hakuna mwanasiasa aliyewahi kuisikia, ikaisha kabisa. Nilikuwa na beseni moja ya mwisho. Niliilea kwa wiki tano.

Nafika sasa kwenye asubuhi ile. Nilifika mapema, nikachovya kipande cha filimu, nikatazama saa ya mkononi. Dakika nne zikapita, kipande bado cheupe kama maziwa. Nikangoja. Kilikuja kuwa wazi kwa dakika kumi na moja. Nikakitupa kwenye ndoo na kukifunika kwa karatasi. Haruna akaingia, nje watu wamepanga mstari mpaka kwa fundi wa baiskeli.

"Grand, dawa inasema nini?"

"Imechoka."

"Imechoka, ao imekufa?"

Hapo ndipo ningeweza kutaja dakika. Nilisema, "Imechoka."

"Basi tuitumie wiki moja tena. Baba atatuma ingine. Hawa watu wakirudi bila picha watavuka vipi?" Akanitazama. "Picha si inatoka muzuri?"

"Inatoka."

"We na Baba munapenda dawa kuliko watu. Wiki moja tu, Grand."

Nilisema sawa.

Nimelipima neno lile miaka yote hii. Ni kweli watu walihitaji kadi siku ile ile. Lakini ningeweza kuwaambia kwamba picha hii itadumu miezi michache tu, warudi ibadilishwe. Sikuwaambia, kwa sababu fundi hapendi kusema kazi yake ni mbovu, na kwa sababu nilipenda mstari ule mlangoni. Haruna hakujua dawa. Aliniuliza mimi ninayejua, nami nikampa nusu ya jibu. Wiki moja ikawa miezi. Na vipande vya filimu pale msumarini sikuvigusa tena, kwa kuwa nilijua vitasema nini.

Katika miezi hiyo Haruna mwenyewe alitaka karangamuntu, maana alikuwa bado anatembea na karatasi ya Uvira. Nilimkalisha hatua mbili ndani ya mlango.

"Grand, nipunguzie masikio."

"Masikio ni ya baba yako, siwezi kuyagusa. Leo umekula nini?"

"Wali na ndagala. Na ningali na njaa!"

Nikabonyeza hapo hapo. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyofuata. Nilisema siku ile ile. Ndogo ilikwenda kwenye kadi. Nyingine nikaikuza, nikaitundika ukutani juu ya meza ya wateja. Zote mbili, na filimu yenyewe, zilipita kwenye beseni ya bluu.

Mwanzoni mwa 1997 mwalimu mmoja wa Gihosha alirudi na kadi yake. Nusu ya uso wake ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Fundi, mumenizeesha," akasema. "Mi nilikuja hapa kijana!"

Haruna akacheka. "Mwalimu, hiyo ni jasho yako. Unaiweka kadi mu shati."

Sikucheka. Nilimpiga upya bure, na nikaikazia picha ile mpya katika dawa ile ile, maana nyingine sikuwa nayo. Mwalimu aliondoka akinishukuru. Baada yake nilimwambia Haruna ukweli, kwamba si jasho, ni dawa, na kwamba tufunge chumba mpaka ipatikane nyingine. Safari hii hakubishana. Alipauka. "Kwa nini hukuniambia mapema?" akauliza, na hakusema Grand. Baba yake alikuwa amekwisha kutuma kifurushi cha dawa kutoka Kigoma, kimevuka ziwa, kiko kwa jamaa Rumonge. Haruna akasema ataondoka kesho yake na basi la asubuhi akilete mwenyewe.

Nilimtazama akichukua kadi yake mezani na kuitia mfukoni. Sikuomba kuiona. Kama ningeiomba ningeona kilichokuwa juu yake, na nadhani ndiyo sababu sikuiomba.

Yaliyotokea njiani niliyasikia siku mbili baadaye kutoka kwa Mama Shukuru, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, katika soko la Jabe, aliyekuwa kwenye basi lile. Alikuja studio, akakataa kukaa.

"Walitushusha wote," akasema. "Bariyeri. Wa nani, usiniulize, nguo yao haikusema kitu. Wakachukua makaratasi. Yangu ni ile ya zamani, Muzee Ramadhani alinipiga ningali msichana. Akaangalia, akanirudishia. Ya Haruna akaiinua juu, kwenye jua. Akamuuliza, 'Huyu ni nani?' Haruna akasema, 'Ni mimi, chef, mukubwa wangu.' 'Wapi? Mi naona uchafu tu.' Haruna, unamujua, akajaribu mchezo. Akasema, 'Chef, ni mimi, mi ni mupiga picha.' Wakacheka wote. Yule akasema, 'Mupiga picha gani hana picha?' Halafu akaacha kucheka. Akamwambia, 'We, baki.' Basi ikaondoka, Fundi. Nilimwona mu dirisha, amesimama kando ya barabara, mikono kichwani."

Nikafunga studio nikaenda kumtafuta. Ili kumtafuta mtu unahitaji picha yake. Watu wengi wakati ule walikuja kwangu kwa ajili hiyo hiyo. Nilishusha ile ya ukutani. Kwa kuwa niliiona kila siku, sikuwa nimeiona. Uso ulikuwa umeingia kwenye doa la kahawia, ndevu na mashavu havitengani tena, na jicho moja tu ndilo lililokuwa likikisiwa. Nikakimbilia filimu ili nitoe nyingine. Filimu ilikuwa na ukungu wa njano toka pembe hadi pembe. Nikaenda na nilichokuwa nacho. Nilikwenda kwenye vituo vya polisi, kambini, kwenye hospitali mbili, na mara mbili mpaka Rumonge. Kila mahali niliitoa kwenye bahasha na kumwonyesha mtu.

Askari mmoja mpole, mwenye umri wa Haruna, aliigeuza mara mbili. "Muzee, hii ni picha ya nani? Mi naona kola ya shati tu." Nikamweleza kwa mdomo: mrefu, masikio makubwa, anacheka. Akasema, kwa upole ule ule, kwamba wapo wengi hivyo.

Haruna hakuonekana tena, wala mwili wake. Kifurushi kilinifikia baada ya mwezi, mtu alikileta kutoka Rumonge. Nilichanganya dawa, nikachovya kipande cha filimu. Dakika mbili kamili. Nilikaa kwenye kigoda changu cha mwaka 1975 nikiitazama saa.

Kisha nikatangaza sokoni na msikitini na kanisani kwamba kila aliyepigwa kwetu tangu vikwazo vianze aje apigwe upya. Wengi walikuja. Mwalimu wa Gihosha alikuja. Wengine sikuwapata, na sijui ni bariyeri ngapi walivuka na kadi zangu mfukoni.

Nilibaki kazini. Vita viliisha, picha za rangi zikaja, mashine zikaja, simu zikaja, na beseni zangu sasa zimeota nyanya kwenye ua wa binti yangu. Nyinyi hamtagusa dawa ya kukazia maishani mwenu. Lakini picha bado zinakufa, tena haraka kuliko zamani: simu inaanguka majini, inaibiwa, inajaa mkafuta. Kazieni picha zenu. Mtu unayempenda, chapisha picha yake kwenye karatasi, andika nyuma kwa penseli jina lake na mwaka, na weka nyingine kwa ndugu anayekaa mbali. Kisha, mara moja kwa mwaka, itoe uitazame kweli, kama unayeiona mara ya kwanza. Na mtu akikuuliza kazi yako imekaaje, mpe dakika zote, usimpe nusu.

Mzee Ramadhani aliambiwa na binti yake habari za mwanawe. Akanitumia barua, iliyoandikwa na mjukuu kwa kuwa macho ya babu yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Alisema anazo picha za Haruna mtoto, mwenye kanzu na meno mawili, lakini za Haruna mtu mzima hana hata moja, kwani alimwona kwa siku chache tu kabla ya kuondoka. Aliomba nimtumie. Nikamtumia ile ya ukutani, sikuwa na nyingine. Nikaandika kwamba dawa tulizopata wakati wa vikwazo zilikuwa mbaya tangu dukani.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Mjukuu aliandika kwamba babu aliishika picha karibu na jicho, kisha akainusa, kisha akapitisha kidole chake gumba juu yake. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja, wa mkono wa Mzee mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda: *Nesto, uliipima?*

Sikujibu. Nilisema nitajibu wiki ijayo. Alifariki Kigoma mwaka uliofuata, na binti yake aliniambia kwamba alikuwa akiuliza kama kuna barua kutoka Bujumbura.

Niliipima, Mzee. Dakika kumi na moja. Neno lile moja, sawa, lilimgharimu Haruna maisha yake. Mimi lilinigharimu mwalimu wangu, na lilinigharimu uso wa Haruna, ambao ninyi mkiniuliza leo ulikuwaje, nitawaambia tu kwamba alikuwa na masikio makubwa na alikuwa anacheka. Zaidi ya hapo siukumbuki.